Tetemeko la Tukuyu Limefika Nambis

Shikamoo Mama,

Hapa Nambis, Mbulu, moyo bado unanidunda! Wiki nzima chombo chetu cha kupimia matetemeko, tulichokifukia nyuma ya zizi, kilinasa tu vishindo vya kwato za ng'ombe wakipita kwenda kunywa maji. Leo Mama Paskalina, mwenye shamba, akawazuia ng'ombe wasipite: "Maji watakunywa jioni." Pakatulia. Mara mstari kwenye kompyuta ukaruka juu! Sijamaliza kushangilia, meseji yako ikaingia: "Tumetikiswa. Tuko wazima, ila vikombe viwili vimevunjika."

Mama, ni lile lile! Limekuja chini kwa chini kutoka Tukuyu mpaka kwangu. Unajua donge la chapati ukilivuta? Ganda la dunia nalo linavutika hivyo hivyo: ukilifuata Bonde la Ufa, hapa utalikuta nene, mbele jembamba. Tetemeko likipita huwahi au huchelewa kidogo kufuatana na unene huo, nasi ndivyo tunavyoupima.

Nilipomsomea Mama Paskalina meseji yako, aliingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya maua.

"Mpelekee mama yako," akasema. "Mwambie tetemeko lake tumelipokea."

Nimevifunga kwenye sweta langu. Nakukumbuka mno.

Mwanao,
Neema