Sahani Tatu za Jioni

Rongo, Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Phelesia, nyaminwa, dada yangu wa pekee huko Muhuru Bay,

Nakusalimu sana. Mimi hapa niko mzima, isipokuwa magoti, na kidole moja ya mguu ambayo nitaifikia. Wewe uko aje? Shemeji yangu na ile kikohozi yake je? Dagaa zenu za omena zinakauka juani ama mvua inawasumbua? Usinijibu kwa simu. Kwa simu unanikatiza kabla sijasema maneno matatu, ndio maana nimeshinda na kalamu tangu kanisa iishe, mimi ambaye shule niliiona kwa dirisha tu.

Nimesikia wamekuletea habari yangu mpaka huko ziwani. Wote wanaisimulia vibaya. Eti mizani ya kliniki ilipasuka chini yangu, wakanipeleka kwa mizani ya miwa, nikapimwa pamoja na trekta. Uongo! Eti nililia mbele ya manesi kama mtoto wa chanjo. Uongo mara mbili! Mizani ilisimama imara. Ilisema kilo mia moja arobaini na mbili, na nesi akasoma tena kwa sababu ya heshima. Nilimwambia aite wenzake waje waone, dume la maonyesho haliangaliwi na mtu mmoja. Alicheka mpaka akaangusha kalamu.

Daktari ndiye hakucheka, yule anatoka Homa Bay kila Alhamisi. Alishika kidole yangu ndogo ya mguu wa kushoto, imekuwa nyeusi kama mkaa. Akasema sukari imenishika, na kama kilo hazitashuka kufika Disemba, kidole itatolewa, na baada ya kidole ni mguu. Akaniandikisha kwa grupu ya kupunguza uzito.

Grupu yenyewe ni watu sita. Nilidhani tutarukaruka. Kumbe tunakaa kwa viti, na dada mmoja anaitwa Kultum, amejifunga mtandio yake vizuri, anatuuliza mambo ya roho. Nikamwambia mimi nilitumwa hapa na tumbo, roho haina shida na mtu. Akanijibu, mzee Obare, basi wiki ijayo njoo na zote mbili tuzisikie. Huyo msichana, yawa, hana woga.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Noordin, yule wa duka ya mabati. Alisema anaficha biskuti nyuma ya makopo ya rangi, na mteja akiingia anameza bila kutafuna. Nikamtania kwamba sasa nimejua kwa nini ukimuuliza bei ya misumari anakujibu na makombo. Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize, akasema amekula hivyo tangu duka yake ya kwanza ichomeke, anakula akinusa kama kuna moshi. Mimi nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni habari ya kutangazwa kwa redio.

Miezi miwili, kilo kumi na moja zilienda. Nilitembea hapa sokoni kama kijana anatafuta bibi. Sasa watu wetu nao! Walipoona shati imelegea, hakuna aliyesema Obare anatunza afya. Walisema Obare anakwisha. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakamuuliza mtoto wangu Oliver hema itatoka wapi. Hema ya matanga yangu, Phelesia, na mimi niko hapo kwa kona natafuna ndizi! Niliwaambia wasisahau spika kubwa, siku hiyo nitakuwa na maneno.

Lakini wake za watoto wangu hawakuona kichekesho. Waliogopa kusemwa kwamba wananinyima. Unajua tangu Mama Oliver atutoke, kila mmoja wao ananiletea chakula ya jioni kutoka jiko yake. Wako watatu, sahani ni tatu, na nikikataa ya mmoja nimemtukana mpaka kwa mama yake. Sasa wakaanza kujaza. Dorine, bibi ya Oliver, ugali yake ilisimama kama kichuguu. Kilo saba zikarudi. Kultum akauliza zimetoka wapi. Nikasema ni desturi, mimi ni mzee, nitafanya nini? Akauliza polepole, na ukiacha nusu, ni nini inatokea?

Hapo ndipo niliinuka kwa kiti, mbele ya watu wote sita, nikasema ukweli. Nilisema hivi. Nikimaliza chakula, mwenye sahani akirudi kuichukua anafurahi. Anakaa pale mlangoni kwa heshima, ananiambia ng'ombe amezaa, mtoto ameng'oka jino, majirani wamegombana. Dakika kumi hivi. Nikibakisha, ananuna, anabeba sahani yake anaenda. Kwa hivyo namaliza. Sahani tatu ni watu watatu. Hakuna kitu ingine inaleta mtu kwa hiyo nyumba siku hizi. Na kuna mbaya zaidi. Wiki mbili nzima niliacha dawa ya sukari kwa kopo, makusudi. Nilijiambia mguu ukikatwa hawataweza kuniacha peke yangu. Watakaa na mimi mchana wote.

Imetoka. Usilie, hiyo ni kazi ya watu wasio na omena ya kugeuza.

Sikiza vile nimeamua. Dawa nameza, asubuhi na jioni, tangu Jumatatu. Ijumaa nawaita wake za watoto wote watatu, niwaambie wapike kwa zamu, sahani moja, lakini waje wote na wakae. Wakinuna, wanune wakiwa wamekaa. Kidole bado ni yangu, na Disemba itanikuta nayo.

Nisalimie shemeji, na Maranga jirani yako, na yeyote ananikumbuka kwa uzuri. Wale wa uzushi usiwasalimie.

Ni mimi kaka yako,
Obare, kilo mia moja thelathini na nane kwa sasa

Phelesia, karatasi imebaki kidogo, wacha niseme. Kitu moja nimeongeza hapo juu. Sikuinuka kwa kiti. Kultum alipouliza, niliwapigia hadithi ya fisi aliyeibiwa viatu, wakacheka mpaka saa ikaisha, yeye peke yake akawa ananiangalia. Hayo mengine yote ni kweli, lakini wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Nilitaka kuona kama yanaweza kuandikika. Yameandikika. Alhamisi kwa grupu nitayasema, na mtu asicheke.