Mlinzi wa Kompyuta na Daftari la Geti la Nyuma

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu jana, manyunyu yanaanguka kwenye migomba, kahawa inafurahi. Mimi sijui kama nimefurahi au nimekasirika. Naandika ili nijue.

Kwanza niseme, maana wasomaji wapya hawanijui: elimu yangu ni darasa la nne, nachapa kwa kidole kimoja, na hakuna mzee mwingine kitongoji hiki mwenye shajara mtandaoni. Kama yupo ajitokeze.

Leo mke wangu ameijua siri yangu. Aliyemwambia ni mlinzi.

Siyo mlinzi mtu. Ni kiprogramu kidogo ambacho binti yetu Neema alikiweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Kinaitwa kiendelezi. Kazi yake ni kuwafukuza watu wa matangazo wanaokufuata kila unakokwenda mtandaoni. Niliwahi kuangalia mabanda ya mbuzi mara moja tu, mabanda yakanifuata mwezi mzima, hadi kwenye mahubiri! Tangu kiwekwe, kimya. Tena kina alama ya ngao pale juu, ukiibofya kinakuonyesha namba ya waliofukuzwa. Nilikipenda siku hiyo hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa mlinzi miaka thelathini na kazi safi naijua nikiiona.

Sasa hiyo siri. Niiseme tu.

Sisikii vizuri.

Mimi huyu, niliyekuwa namsikia paka akikanyaga majani upande wa pili wa ukuta. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia liko njiani. Nimeficha mwaka mzima. Neema akipiga simu namwambia aandike ujumbe, eti nataka kuweka kumbukumbu. Kanisani namwangalia mchungaji midomo. Mke wangu akiongea kutoka jikoni najibu "ndiyo", au nanyamaza kama mtu mwenye mawazo makubwa.

Basi nikaanza kutafuta habari za vile vifaa vya kuvaa sikioni. Nilitumia hali fiche, lile dirisha jeusi ambalo ukilifunga halikumbuki ulikuwa wapi. Siku ya kwanza tu nikaona ile alama ya ngao ya mlinzi wangu haipo. Nilikasirika sana. Yaani mlango ninaopita na aibu zangu ndio hauna mlinzi? Nikaingia kwenye mipangilio mwenyewe, bila kumuuliza mtu, nikakuta pameandikwa "Ruhusu katika hali fiche". Nikaweka tiki. Nikajipongeza kwa chai.

Leo asubuhi Mama Neema, ambaye ni fundi cherehani, amefungua kompyuta kutafuta mshono wa gauni la mteja. Akabofya ile ngao aone leo wamefukuzwa wangapi. Ikafunguka orodha ya kila mahali mlinzi alikofanya kazi, pamoja na kule kwenye hali fiche. Vifaa vya kusikia. Vipimo vya masikio. Wiki tatu zote za kutafuta kwangu zimepangwa.

Dirisha lilisahau. Mlinzi aliandika.

Akaja kusimama mbele yangu, karibu kabisa.

"Baba Neema, kumbe ni masikio?"

Nikaanza kubisha, ndiyo tabia yangu.

"Hebu acha ubishi wako. Nakuuliza chumvi imekwisha, ndiyo. Nakuuliza nani kaacha zizi wazi, ndiyo. Zizi linaachwa wazi na ndiyo? Mwaka mzima mimi najua umenichoka."

Alicheka, halafu akafuta macho kwa pindo la kitenge.

Hilo la kumchoka sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Nilikuwa nalinda sifa zangu, kumbe nimemfungia geti mke wangu.

Nikamwandikia Neema ujumbe mkali kuhusu mlinzi wake. Akajibu: "Shikamoo baba. Ndiyo maana kivinjari hakimruhusu kuingia huko mpaka wewe mwenyewe useme. Naye ana macho. Shuka chini kidogo, kuna tiki nyingine." Nikashuka. Ipo kweli: "Usihifadhi chochote kutoka hali fiche." Ilikuwa haijawekwa. Sikuisoma, kwa sababu nasoma polepole na nilikuwa na haraka ya kujisifu.

Lakini sikubali kwamba kosa ni langu peke yangu. Hapa nina haki ya kusema kuliko vijana wote wenye vyeti.

Nililinda kliniki moja pale Sekei, ilikuwa na mageti mawili. Geti la mbele kulikuwa na daftari la wageni: jina, saa, unakwenda kwa nani. Wageni walijiandikia wenyewe. Nilisema ndiyo utaratibu, ukweli ni kwamba mwandiko wangu ulikuwa unanitia aibu. Geti la nyuma walipita wenye magonjwa wasiyotaka yajulikane. Daktari aliniambia, mzee, huku utasimama imara vilevile, mwizi asipite, lakini daftari liache mbele. Siku moja akaja mwanamume anauliza kama mke wake amepita pale. Nilimtazama kama nguzo ya umeme. Akaondoka.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mlinzi asiingie faragha ya mtu mpaka mwenyewe amkaribishe, hapo Neema yuko sawa, nimemwambia. Akishakaribishwa asimame imara kama mlango wa mbele. Ila daftari asije nalo. Na ile tiki ya pili ije imeshawekwa kutoka kiwandani, siyo isubiri mzee mwenye darasa la nne aigundue.

Nimewaandikia watengenezaji haya yote. Neema atawageuzia Kiingereza. Nimemkataza kulainisha maneno.

Mama Neema anasema nimshukuru mlinzi, bila yeye ningekufa na ndiyo zangu. Labda. Lakini jambo langu nilitakiwa kulitoa mimi. Ndiyo maana naliandika hapa, wasomaji wote mlione, kwa kidole changu mwenyewe. Limekuwa jepesi kuliko nilivyodhani.

Jumatatu tunakwenda wote wawili kupima. Amesema atakaa upande wangu wa kulia.

Sasa hivi anasema kitu kutoka jikoni. Sijakisikia.

Nanyanyuka, naenda kumuuliza.