Pete za Zohali na Miche ya Mama Bhoke

Ijumaa usiku

Kwa nini hawakuniuliza kwanza? Jana jioni nilijaribu darubini ya kuazima kwenye kiwanja kitupu nyuma ya shule, ili leo wanafunzi waone pete za Zohali. Leo tumekuta kiwanja chote kimepandwa miche. Majirani waliona ile miguu mitatu ya darubini, wakadhani napima ardhi ya fidia ya mgodi, wakawahi kupanda ili nao walipwe.

“Mwalimu, mpaka unaishia wapi?” Mama Bhoke alituzuia tusikanyage miche yake.

“Mama, naangalia sayari.”

Hakuamini mpaka alipochungulia mwenyewe.

“Huko kuna watu?”

“Hakuna.”

“Basi mgodi utachimba bila kusumbuliwa.”

Kisha wingu likafunika anga kabla ya zamu ya wanafunzi. Kesho asubuhi darubini inarudi Musoma. Darasa zima, na aliyeziona pete ni Mama Bhoke peke yake.