Lori la Baba Linazimika Njiani: Ninunue UPS Gani?

Kwako Dada Pauline,

Nimesoma ukurasa wako miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, na leo nimeshika kalamu mimi mwenyewe, kwa hivyo ukinicheka nitavumilia, lakini tafadhali nisaidie kwanza.

Baba yangu, Mzee Munyao, aliendesha malori ya Mombasa hadi Kampala miaka ishirini na sita, kisha mwaka juzi akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, na yeye ambaye sauti yake ilijaa soko zima la Wamunyu akawa mtu wa kulala akitazama ukuta, hata kula ni kubembelezwa. Mwezi wa Machi ofisi ninayofanyia kazi hapa Machakos mjini, ya wachoraji wa ramani za nyumba, iliuza kompyuta zake za zamani, nikachukua moja yenye nguvu, mwenzangu akaniwekea mchezo wa kuendesha lori pamoja na usukani wake wa plastiki, nikampelekea baba nyumbani bila kutarajia lolote, na Dada, huyo mzee aliketi. Akashika usukani kwa mikono miwili, ule mbovu ukifuata mwenzake, akaanza kugombana na magari ya mle ndani, "Wewe toka kwa barabara, huoni niko na mzigo?" nami nikatoka nje nikalia kwa furaha.

Shida ni stima. Inapotea wakati wowote, kompyuta inazima, safari ya saa mbili inafutika na anarudishwa alikoanzia. Mara ya kwanza alikataa kuketi siku nne, kwa hivyo nilienda kwa Wathome, mwenye duka la kompyuta hapa mjini, nikanunua UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia kompyuta stima ikipotea, akaniahidi dakika kumi na tano za kukaa bila stima, na kweli wiki mbili za kwanza ilitusaidia, lakini siku hizi stima ikienda inalia mara mbili tu na kila kitu kinazima. Nilirudi dukani nikamwita Wathome mwizi mbele ya wateja. Juma lililopita ilizima tena baba akiwa katikati ya safari, akaniambia, "Mumbua, hii lori imekufa. Wachana nayo," akageukia ukuta, na mpaka leo hajaketi. Naogopa hataketi tena.

Ndugu yangu Muli anasema tununue jenereta, fundi wa stima anasema atatuunganishia betri ya gari kando ya kitanda, Wathome anasema nichukue UPS kubwa zaidi, nami simwamini.

Na liko la kuungama. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani na kwake michezo ya kompyuta ni ndugu wa kamari, basi nilimdanganya kwamba mashine yote imeagizwa na daktari, na akaamini. Anaitunza kama mali ya hospitali. Baba akimaliza kucheza, mama mwenyewe anazima swichi ya ukutani, anaifunika UPS kwa vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na ikianza kulia anaiwekea mto juu mpaka inyamaze, ili mgonjwa asisumbuliwe. Nikimwona hivyo dhambi inanichoma. Nishike lipi?

Mumbua, Machakos

Mumbua,

Sikucheki, ingawa mahali pawili nilikaribia sana. Pole kwa baba, na hongera kwa kumwinua kitandani. Sasa nisikilize, maana jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona.

Barua yako nilimsomea fundi wa kompyuta zetu hapa ofisini. Nilipofika kwenye mto akashika kichwa. UPS inalia kukujulisha kwamba haipati stima na inakula betri yake. Mama akizima swichi ya ukutani, kwa UPS ni sawa na stima kupotea. Inalia chini ya mto, betri inaisha kabisa, kesho inapata saa mbili tu za kujaza, baba akicheza, jioni inamalizwa tena. Hakuna betri inayovumilia hayo, na juu yake kuna vitambaa vya kuipikia joto. Wathome hakukuibia. Uongo wako ndio ulioharibu betri, kwa sababu mama alitunza mashine ya hospitali, si UPS.

Kwa hivyo usinunue chochote bado. Vua vitambaa, acha swichi ikiwa imewashwa usiku na mchana, subiri siku mbili. Halafu fungua mchezo wenyewe, kwa sababu lori likitembea kompyuta inakula stima zaidi, kisha zima ukutani na uhesabu dakika. Zikifika tano, zinatosha. UPS haikuletwa ili mzee afike Kampala gizani, ni ya kumpa nafasi ya kuhifadhi safari na kuzima taratibu. Zisipofika, badilisha betri ya ndani tu, chombo ubaki nacho. Betri mpya nayo ikishindwa, beba kompyuta na skrini mpaka dukani, chagua kubwa zaidi, na usilipe kabla hawajaizimia stima mbele yako mchezo ukiendelea. Kompyuta na skrini pekee ndizo za kuchomeka hapo. Pasi na printa zikae mbali.

Betri ya gari kando ya kitanda cha mgonjwa, yenye asidi na mvuke, hapana, na huyo fundi mwambie Pauline amekataa. Jenereta ya Muli nayo, kabla hajamaliza kuvuta kamba, lori limeshazima.

Ukienda mjini, pitia kwa Wathome umwombe msamaha. Ulimtukana mbele ya wateja, basi usimnong'oneze pembeni.

Baba usimbembeleze. Mwambie lori lilikuwa gereji na sasa limetoka. Dereva wa miaka ishirini na sita hawezi kusikia hivyo bila kutaka kulijaribu.

Lakini mama ndiye wa kwanza. Kaa naye leo, umwambie ni mchezo, daktari hakuagiza kitu, uliogopa. Atakasirika, na ana haki. Akitulia, mpe kiti kando ya baba, umwonyeshe pa kubonyeza ili safari ihifadhiwe. UPS ikilia asilete mto, amwambie mumewe aegeshe kando, halafu abonyeze. Miaka yote ya Kampala baba yako alikuwa na taniboi, msaidizi wa kukaa naye ndani ya lori na kumwambia asimame. Umempa lori, Mumbua, ukasahau kwamba hajawahi kuendesha peke yake.