Tuliandika Pumu

Bwana Mganga,

Leo sianzi na salamu. Najua ulinifundisha kwamba barua kwa mkubwa huanza kwa kumjulia hali, lakini hali yako naijua, maana mikono iliyokushusha kaburini ni hii hii inayoandika. Yangu nitakueleza nikipata nguvu. Acha nianze na jambo lenyewe. Yustina ana kifua kikuu.

Hilo neno nimelitazama sana kabla ya kuendelea. Tangu ufariki, miaka miwili sasa, nimeliandika kwenye daftari la wagonjwa mara kadhaa, la bibi mmoja wa huko Idodi, la yule fundi wa baiskeli, na nikaendelea na kazi. Leo ni vingine. Ni mtoto wako, na sisi wawili ndio tuliomfanyia hivi.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, kwa sababu ulikuwa hupendi mgonjwa anayeanzia katikati.

Yustina alikuwa kidato cha sita kule Mbeya. Likizo alikuwa anazigawa, nusu kwa mama yake mkubwa Mbalizi, nusu hapa kwangu. Mwaka jana alipokuja alisema anataka udaktari. Mimi, kwa akili zangu za mhudumu wa zahanati, nikamwambia unesi ni kazi nzuri pia. Akanitazama vile ulivyokuwa unanitazama nikichanganya chupa. Akasema, "Bamdogo, nesi anasubiri daktari aje. Huku nani huwa anakuja?" Nikaacha habari za unesi. Siku hizi wavulana wanaambiwa wakafanye kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu, ila wasichana wanaruhusiwa kuomba wakiwa bado shuleni. Tukaona mlango uko wazi, tuingie kabla haujafungwa.

Nilihangaika, Bwana Mganga. Nataka ujue hilo kabla hujajua mengine. Nilienda naye Iringa mjini kupiga picha ndogo za fomu, na alipokunja uso nikamwambia mpiga picha arudie. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa tawi la chama mara nne kutafuta barua ya mwenendo mwema. Unamjua mzee yule. Alivaa miwani, akasoma fomu juu chini, akauliza, "Huyu akishakuwa daktari ataturudia kweli, au atatuona washamba?" Nikamwambia baba yake alikataa uhamisho mara mbili ili abaki anatibu tumbo lake yeye mwenyekiti. Akapiga muhuri.

Mchana, zahanati ikishapoa, Yustina alikuwa anakaa kwenye benchi la wagonjwa, mimi nikimshikia kitabu. Niliishia darasa la nane, halafu namuuliza mtoto wa kidato cha sita habari za moyo wa chura kwa Kiingereza. Nilikuwa nakitamka vibaya hadi anacheka, anashika mbavu, anacheka tena, kisha anakohoa. Alikuwa anakohoa, Bwana Mganga. Na mimi nilikuwa nacheka naye.

Halafu ikaja fomu ya afya. Sehemu ya kwanza anajaza mwombaji mwenyewe, sehemu ya pili anajaza daktari baada ya kumpima na kumpiga picha ya kifua. Pale kwenye sehemu yake kulikuwa na swali: wazazi wako hai, na kama wamefariki, walifariki kwa ugonjwa gani. Sababu ya mama yake tunaijua wote, uzazi. Akafika kwako. Akainua kalamu akaniuliza, "Baba niandike nini?" Nikasema pumu. Sikusita hata kidogo. Akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri, nami nikaweka sahihi chini kama mlezi.

Wewe ndiye uliyenipa neno hilo. Asubuhi ile nilipokukuta nyuma ya zahanati unafua leso kwenye beseni la dawa, na maji yamekuwa mekundu, hukushtuka. Ulisema, "Ni pumu, Asajile. Umesikia? Pumu." Nikasema ndiyo, Bwana Mganga. Baadaye ulinivuta stoo ukanieleza kwa upole, jambo ambalo hukulizoea. Ulisema dawa za ugonjwa wenyewe hutolewa hospitali kwa jina la mgonjwa, na jina lako likishaingia kwenye daftari lao, wiki haitapita kijiji kizima kitajua. Watasema ni ugonjwa wa ukoo. Wataiacha zahanati warudie mizizi. Na ulisema, "Ukilitaja, utamharibia mtoto njia. Shule gani itamlaza bwenini? Nani atamposa?" Nilikubali, kwa sababu wewe ndiye uliyenitoa kufagia wodi ukanifundisha kushika sindano. Neno lako kwangu lilikuwa amri. Hata kama lisingekuwa amri, nadhani ningekubali, maana na mimi niliogopa.

Kwa hiyo ukaendelea kuishi kama mzima. Jumapili baada ya misa ulikuwa unakaa na wazee kwenye pombe ya ulanzi, kikombe kimoja kinazunguka, kila mtu anapiga funda anampa jirani yake. Ungekataa wangekuuliza una nini, ama wangesema Mganga ameanza kujiona. Ukawa unapiga funda lako, unapokeza. Nilikuwa nasimama pale mlangoni nahesabu midomo. Wewe uliyekuwa unawafokea wagonjwa wasiteme chini, uliyewachorea vidudu ubaoni kwa chaki, ulikuwa unampa kikombe mzee mwenzako kwa mikono miwili, kwa heshima.

Na kuna jambo la kikombe changu. Hili ndilo linaloninyima usingizi, ukitaka kujua hali yangu. Miezi michache kabla ya ile leso ulininunulia kikombe cha bluu ukasema kuanzia leo chai nitanywea hicho, na chako nisikiguse. Uliniambia nikae upande wa dirisha. Nilinuna. Nilidhani unanibagua, kwamba mhudumu amezoea mno sasa arudishwe mahali pake. Nikamsimulia hata mke wangu, akakusema vibaya. Nilipoiona leso nikaelewa. Ulikuwa unanikinga.

Lakini Yustina ulikuwa unakula naye sahani moja. Akirudi likizo mnakaa jikoni, ugali mmoja, mboga moja, yeye anakuchambulia miiba ya samaki. Analala chumba kile kile, nyuma ya pazia. Ungemtenga angeuliza, na ukimwambia angelia, na akilia majirani wangejua. Nilielewa kikombe changu kimetengwa kwa sababu gani, na sikukuuliza kuhusu chake. Wala sikumwambia yeye. Likizo ile ndefu baada ya mtihani wa kidato cha nne alikuuguza mpaka pumzi ya mwisho, akimwaga makohozi yako kwa mikono mitupu, na mimi nikampongeza mbele za watu msibani kwamba ni binti mwenye moyo.

Nilipata barua ya mama mkubwa kwamba niende Mbeya haraka. Nilipanda basi alfajiri. Nilidhani wanataka sahihi nyingine. Nikamkuta Yustina kwenye benchi la hospitali, amevaa sare, ameshika bahasha kubwa ya picha mapajani. Daktari, kijana mpole, akaiweka kwenye taa akanionyesha. Upande wa kulia, juu, kivuli. Makohozi nayo yalionyesha vidudu. Akasema chuo hakiwezi kumpokea mtu katika hali hiyo, maombi yanasimama, aombe tena akishamaliza dawa, mwaka na nusu, na itategemea picha itakavyokuwa. Wasichana kama watakuwa bado wanaruhusiwa kuomba moja kwa moja wakati huo, hakuna anayejua. Kisha akamgeukia mtoto akamwuliza, kwa upole lakini akauliza, kama ana uhakika baba yake alikuwa na pumu. Yustina akasema ana uhakika. Akanitazama nimsaidie.

Nilimtoa nje nikamwambia. Pale kwenye ukumbi, watu wanapita na machela, nikamwambia yote, leso, stoo, kikombe cha bluu. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ulijua lini?" Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole akasema, "Nilikuwa kidato cha tatu." Akaingia ndani kwa daktari peke yake, akafunga mlango. Sijui walisema nini. Alipotoka alinipita kama hanioni.

Siku ile ile niliandika maelezo kwamba uongo wa kwenye fomu ni wangu, kwamba nilijua ugonjwa wako nikauficha kituoni kwa mwaka mzima na zaidi. Nimeyatuma kwa wakubwa. Huenda wakanifukuza kazi. Wakifanya hivyo watakuwa na haki, ila namwomba Mungu wasubiri kidogo, kwa sababu daktari amekubali Yustina achomwe sindano hapa kwetu. Mitihani yake ya kidato cha sita hakuiacha. Walimu walimtengea chumba akaifanya peke yake, dirisha wazi, akiwa na homa. Kisha nikamleta nyumbani. Sasa analala chumba chako. Godoro nililichoma.

Yeye ndiye aliyesema nami nikapimwe. Hakuniambia kwa mdomo. Nilikuta karatasi juu ya meza ya dawa, ameandika jina langu, umri, na "anaishi na mgonjwa tangu mwanzo, apigwe picha." Nilikwenda. Bwana Mganga, picha yangu ni safi. Pande zote mbili, safi kabisa. Daktari alinipa mkono. Nilishuka pale ngazini nikakaa chini nikalia mpaka mama mmoja mwuza maandazi akaniuliza nimefiwa na nani.

Nina hasira na wewe. Sijawahi kukuambia hivyo ukiwa hai na naona aibu kukuambia sasa huwezi kujibu. Ulikuwa mganga mzuri kuliko wote niliowaona, na ulimpenda yule mtoto mpaka ukamwua nusu. Uliniokoa mimi ambaye si damu yako. Najaribu kukushukuru kwa hilo na shukrani inagoma kutoka.

Jumapili hii nitakwenda kwenye ulanzi. Nitasimama mbele ya wazee wako niutaje ugonjwa wako kwa jina lake, nitaje na kikombe, kisha nitawaomba kila mmoja aje atoe makohozi. Watakutukana. Kuna mmoja amekonda tangu masika na anasema ni baridi. Wengine watasema nimetumwa na adui zako. Nitabaki pale mpaka wamalize kusema, halafu nitawaambia tena.

Sasa kuhusu asubuhi zetu. Kila siku saa moja, kabla wagonjwa hawajaanza kujipanga, nachemsha bomba na sindano, yeye anakaa kwenye kiti amegeukia ukuta. Namchoma. Naomba samahani kila siku, naye hasemi. Sindano hizi unazijua, wengine zinawaondolea kusikia, na daktari asiyesikia mapigo ya moyo ni daktari gani? Kwa hiyo nafanya ulivyonifundisha, nasimama nyuma yake hatua tatu, nanong'ona jina la mahali, naye analirudia. Mbalizi, anasema Mbalizi. Ubaruku, anasema Ubaruku. Hayo ndiyo maneno pekee tunayosemezana tangu Mbeya.

Juzi nilinong'ona, akanyamaza. Nikarudia, kimya. Nikasogea hatua moja nikanong'ona tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite kwa sauti ndipo akasema, bila kugeuka, "Nimesikia tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nafikiria kama nikujibu."

Nilimwambia afikirie kwa muda anaotaka.

Nakuaga, Bwana Mganga. Sitakuandikia tena mpaka niwe na la kukuambia juu ya picha yake. Ahadi niliyokupa stoo nimeivunja, na nakupa nyingine mahali pake. Kivuli kikikua nitamwambia siku hiyo hiyo. Masikio yakianza kupotea nitamwambia siku hiyo hiyo. Chuo kikikataa, barua ataifungua yeye, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Hatajua jambo lake lolote baada yangu.

Mimi niliyekuwa mhudumu wako,
Asajile