Bibi, Ule Haukuwa Uchafu

Bwera, kesho yake ya siku ya soko

Bibi yangu, shikamoo. Najua marahaba umeshaitikia kabla Rehema hajakaa vizuri, maana salamu wewe huwa huzisubiri. Goti linasemaje? Na yule beberu wako anayekula nguo za watu kwenye kamba, bado anakula au ameshaliwa yeye? Mimi na mume wangu Baluku tu wazima, na tumbo langu limeingia mwezi wa sita. Linanitangulia kila niendako.

Rehema mdogo wangu, wewe unayesoma, simama kidogo. Funga mlango. Kama mjomba Yohana amekaa hapo akijifanya anatengeneza redio, mwambie akaitengenezee nje, haya ni ya wanawake. Ningesema kwa simu, lakini simu ya Bibi inasikika mpaka barabarani. Ametoka? Haya, endelea.

Baluku bado anaendesha lori la saruji kutoka Hima. Jioni anarudi na kichwa cheupe, nikimpa maji ya kuoga ndipo nakumbuka kuwa niliolewa na kijana. Mimi nakaanga chapati kando ya barabara ya mpakani. Siku za soko Wakongo wanavuka kwa wingi na unga unaniisha mapema. Kiswahili changu wanakicheka, wanasema naongea kama mtangazaji.

Sasa nije kwenye lenyewe. Unakumbuka nilipoondoka Korogwe baada ya Krismasi ulikata kipande cha jiwe la shabu katikati. Nusu ukanifungia kwenye pindo la khanga, nusu ukaiweka kabatini, iwe ya Rehema siku yake ikifika. Ukaniambia, "Mimba ina uchafu wake. Ukiuona, osha mpaka ndani, pakauke."

Mimba ilipoingia mwezi wa nne nikauona. Kila siku nguo ya ndani ina majimaji meupe, mepesi kama maji yaliyooshea mchele, wala hayanuki. Bibi, niliogopa sana. Unajua mimba ya mwaka juzi ilivyoniponyoka. Usichojua ni kwamba tangu siku ile nilikuwa naamini mimi ni mchafu, ndiyo maana mtoto alikataa kukaa. Nikaapa kwamba huyu hataniponyoka kwa uvivu wa kuoga. Nikasaga shabu yako, nikaosha asubuhi na jioni, na sabuni ya kufulia juu yake.

Haikupita wiki mbili mambo yakageuka. Yale majimaji yakawa mazito, mabonge mabonge kama mtindi, na mwasho juu yake. Mwasho gani, Bibi! Nilikuwa nakaanga chapati huku nacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Aliyeniona ni Mama Furaha, muuza mawese wa meza ya jirani, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, iko nini? Iko mayi inatoka?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba mayai sina, kuku wangu amelalia, ajaribu dukani.

Akapiga makofi. "Hapana ya kuku! Ya wewe! Mayi, ile banakunywa, iko inatoka ku tumbo?"

Kumbe kwao maji ndiyo mayi. Tulicheka mpaka chapati ikaungua, na katikati ya kicheko mimi nikaanza kulia. Nikamweleza yote. Hakunicheka tena. Alifunika mawese yake, akanishika mkono. "Twende kwa musawo," akasema. Huku daktari na muuguzi wote ni musawo.

Kwenye zahanati tulimkuta mkunga mmoja mnene, Sista Biira. Alikulia kambini, baba yake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha amri tupu. "Panda kitanda. Wacha kutetemeka. Sema."

Nikasema natokwa na uchafu.

"Nani ilikuambia iko uchafu?"

Sikukutaja, Bibi, heshima yako ipo palepale.

"Sikia. Ile ya kwanza, nyeupe, nyepesi, haina harufu, jina yake ni ute. Hiyo iko askari. Ukibeba mimba, mwili inaongeza askari kwa mlango ya mtoto. Wewe umefukuza askari na sabuni, adui imeingia, sasa unashangaa nini?"

Akanipima, akasema ni fangasi, zinawapata wajawazito wengi na zinatibika. Akanipa vidonge vya kuweka ukeni, akanikataza kujinunulia dawa dukani. Kuosha ni nje tu, kwa maji matupu. Ndani panajiosha penyewe.

Ndipo nikapata ujasiri, nikamuuliza kama ni uchafu wangu uliomtoa yule wa mwaka juzi. Bibi, sauti ya amri ilimpotea kabisa. Akaketi kando yangu. "Hapana, mama," akasema. "Ute haitoi mimba. Wewe hukufanya kitu mbaya." Nililia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kitamu.

Kisha amri zikarudi. Ute ukigeuka njano au kijani, ukinuka, au kukojoa kukichoma, njoo. Ukiona damu, njoo mbio. Maji yakimwagika, au yakichuruzika bila kukoma, usingoje kesho. Siku za mwisho ute mzito wenye michirizi ya damu ni dalili kwamba uchungu hauko mbali, lakini ukija kabla ya miezi kutimia, njoo siku hiyohiyo. Mama Furaha akanigusa kiuno. "Umesikia? Mayi. Hapana ya kuku."

Mwasho uliisha wiki ileile. Nilipoona tena majimaji yangu meupe nilifurahi kama nimeonana na mtu wa nyumbani. Na mtoto anapiga mateke, hasa baba yake akianza kuimba.

Nisalimie shangazi Esta wa kwaya, na mjomba Yohana, sasa anaweza kurudi ndani. Huyo shangazi ndiye aliyeninong'oneza kwamba Rehema ana mimba ya miezi mitatu, na kwamba siku hizi akiingia bafuni hatoki.

Bibi, najua ulinipa shabu kwa mapenzi, na ndivyo nilivyoipokea. Ila huku mvua ikinyesha maji yanakuja na tope, basi nusu yangu iliyobaki niliitia kwenye pipa. Asubuhi tope lote lilikuwa limelala chini, juu naona uso wangu. Nikayachota nikayachemsha, tukanywa. Shabu ina kazi yake, nayo ni hiyo. Ile nusu ya kabatini nakuomba uitie mtungini. Kama umeshampa Rehema, arudishe leo.

Rehema, usiikunje barua, endelea kusoma. Wewe si mchafu, mdogo wangu. Rudia hayo maneno kwa nguvu, Bibi naye ayasikie.

Mjukuu wako, na dada yako,
Neema