Siku Nne za Kwangu

4 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na goti lako limeacha kukugombeza kwenye ngazi. Mimi sijambo, ila mgongo, na mgongo nimeshauzoea kama mpangaji asiyelipa.

Nina jambo, nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Wiki iliyopita msimamizi wetu wa dobi aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa kiti. Ukipewa kiti kazini ujue kuna neno. Anastaafu, na wakubwa wanataka nishike nafasi yake: siku sita kwa wiki, funguo za stoo, mshahara unaokaribia mara mbili. Nikamwambia asante, sitaki. Nikaomba badala yake nifanye kazi siku tatu tu. Akanitazama kama nimevua shati mbele yake.

"Mzee, unaumwa?"

Siumwi. Nataka muda.

Muda wa nini, utauliza. Wa kuandika. Mkutubi wa hapa mtaani amenisaidia kufungua blogu, yaani ukurasa wangu mwenyewe kwenye mtandao. Naandika ninachotaka, na yeyote duniani anaweza kukisoma bila kulipa. Nitaandika habari za vitabu, na habari za mtaa wetu ulivyokuwa kabla hatujatawanyika.

Kwa hiyo ninachokutumia kitapungua, na ujenzi wa chumba cha juu utakwenda polepole. Usinikasirikie kabla ya kumaliza ukurasa.

Kaka yako


28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Goti bado lipo, na sasa limepata mwenzake, kichwa. Wengine wote wazima.

Ukurasa nimeumaliza, hasira nimeanza. Hivi kweli mtu wa miaka sitini na tatu anapewa cheo anakataa, ili akawaandikie bure watu asiowajua? Hata fundi mjinga hashoni bure, walau anapewa chai. Na hicho chumba cha juu si changu, ni chako. Wewe ndiye uliyesema, "Nitarudi. Nijengee juu ya duka lako, dirisha litazame barabarani." Nimejenga. Kuta zimesimama, dirisha linatazama barabarani, paa hakuna. Mvua inanyesha chumbani kwako, inachuruzika mpaka kwenye vitambaa vya wateja wangu. Jana gauni la bibi harusi lilishinda juani kukaushwa, na mwenyewe kasimama mlangoni ananiita mwizi wa furaha yake.

Halafu huo muda, kaka, nani asiyeutaka? Mimi nautaka tangu nilipojifungua mara ya kwanza. Rudi kwa msimamizi umwambie ulikuwa na homa.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa goti, kichwa na gauni. Mimi naendelea vizuri, ukiondoa barua yako.

Sikurudi kwa msimamizi, kwa sababu sikuwa na homa. Hebu nikueleze kazi yangu, maana miaka yote hii hujaniuliza. Shuka za hospitali hutoka kwenye mashine zikiwa nzito na za moto. Watu wawili tunazishika pembe, tunazivuta, tunaziingiza kwenye mashine ya kunyoosha. Inafuata nyingine. Kelele ni kubwa, hatusemezani. Mwenzangu wa upande wa pili nimevuta naye shuka miaka kumi na sijui kama ana watoto. Nikifika nyumbani nafungua kitabu, nasoma ukurasa uleule mara tatu, kisha nalala nacho kifuani. Hicho cheo unachokililia kingenichukulia hata huo ukurasa.

Wala usidhani nastarehe. Blogu inanitoa jasho. Neno la siri nimelisahau, nikapewa jipya, nikalisahau nalo. Makala ya kwanza niliiandika tangu asubuhi, jioni nikaifuta yote kwa kidole kimoja. Mkutubi siku hizi akiniona mlangoni anavua miwani kabisa. Nimeshaandika makala chache, na ile hesabu ya pembeni inasema nina wasomaji saba. Saba! Nilitaka kuifunga. Lakini nikafikiri: huenda mmoja yuko kaskazini ya dunia na mwingine kusini, wameacha shughuli zao wakanisoma. Hilo si dogo.

Kaka yako


14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mgongo umelegea. Sisi wazima, na ngoja nicheke kwanza.

Hao wasomaji wako saba wa kaskazini na kusini ya dunia ni mimi na wanafunzi wangu sita wa cherehani. Mpwa wako ndiye aliyeitafuta hiyo blogu. Kila mmoja anaifungua kwenye simu yake ili tukuongezee hesabu, kisha mwenye sauti nzuri anasoma na sisi tunapiga pindo. Ile ya kinyozi wa kona imewachekesha mpaka mmoja kajidunga sindano. Ila kinyozi hakuwa na mguu mbovu, mguu mbovu alikuwa nao fundi viatu. Na ngazi ya nyumbani kwetu ilikuwa ya saruji, si ya mbao. Rekebisha, watu wasije wakasema kaka yangu ni mwongo.

Sasa la maana. Mwanangu anaoa mwisho wa mwaka. Amekodi chumba nyuma ya gereji, moshi unamfuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Juzi kaniuliza, macho chini: "Mama, kile cha juu, mjomba anakuja lini?" Nikamwambia nitauliza, ndiyo nauliza. Yuko tayari kukiezeka mwenyewe. Ukisema unarudi, chumba chako hakiguswi, na yeye atatafuta kwingine. Kama hurudi, sema, kijana apate pa kumweka mkewe. Lakini sema.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Mgongo una nafuu. Huku joto limeingia na siku zimekuwa ndefu.

Mguu wa kinyozi nimemrudishia fundi viatu. Ngazi nimeiacha. Mimi naiona ya mbao, na mlio wake naujua. Wasalimie wasomaji wangu, na aliyejidunga mpe pole. Mpe mpwa wangu hongera nyingi, kuoa ni jambo la heri.

Siku zangu nne nazitumia vizuri. Asubuhi natembea hadi maktaba, nakaa kwenye kiti cha dirishani, nasoma, naandika, nafuta. Hakuna anayeniita.

Kuhusu chumba, mambo haya hayataki pupa. Tutazame miezi michache ijayo.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Afya yako sikuulizi leo, nimeshaisoma kwenye blogu.

Asubuhi msichana alikuwa anatusomea makala yako mpya, ile ya kiti cha maktaba. Tulikuwa tunacheka kwa sababu ya yule babu anayekoroma na gazeti usoni. Kisha akafika pale ulipoandika: "Hapa ndipo nitakapozeekea. Kwetu nakupenda zaidi nikikuandika." Akaishusha simu. Mmoja akasema, "Endelea basi," mwenzake akampiga kiwiko. Cherehani zote zikasimama, wote wakanitazama mimi.

Nilikuuliza kwa barua ukanijibu habari za joto. Dunia nzima umeiambia. Mimi niliyepandisha tofali zako kwa goti hili nimesikia kwa kusomewa, mbele ya watoto ninaowafundisha kazi. Ilibidi niwaambie kitambaa hakijikati chenyewe, warudi kazini.

Nilijua, kaka. Tangu ulipokataa cheo nilijua, maana anayejenga hakatai tofali. Ila kujua si kuambiwa. Mwanangu amerudi kuniuliza, nimemjibu kwa ukali, na hakustahili. Safari hii usiponijibu, mimi sitakuandikia tena.

Mdogo wako


11 Oktoba, mwaka uleule wa thelathini na moja

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua uliiandika hiyo shikamoo kwa kusaga meno. Nakuombea afya, na sitasema lolote kuhusu hali ya hewa.

Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Ni aibu kuwa na siku nne nzima kila wiki na kukosa maneno ya kumwambia ndugu yako. Nilijua mnasoma. Ndiyo sababu niliandika kule, usikie bila mimi kuuona uso wako. Una haki ya kukasirika, na wasichana wako wana haki ya kunicheka.

Lakini na mimi nina langu. Kila anayeniandikia kutoka nyumbani huuliza nitarudi lini, wala hajatokea wa kuuliza nirudi kufanya nini. Nikija nitakuwa kaka mkubwa aliyetoka nje. Asubuhi atakuja mwenye ada ya shule, mchana mwenye ugomvi wa mpaka, jioni mwenye mgonjwa. Hakuna hata mmoja nitakayeweza kumfukuza, kwa sababu wote watakuwa wangu. Nitakaa kwenye dirisha lile nikiwasikiliza mpaka nizikwe, bila kumaliza ukurasa mmoja. Nimetumikia kelele maisha yangu yote. Utulivu huu mdogo nimeupata uzeeni, na nimeupata huku. Najua nani ameulipia. Ni wewe, kwa vitambaa vilivyolowa.

Chumba mpe mpwa wangu. Asingoje baraka nyingine, atafute mabati aezeke kabla ya harusi. Dirisha akitaka kuliziba, alizibe. Na wewe usiniwekee kiti, wala usiwaambie watu kwamba nitakuja mwakani, wala mambo yakitengemaa. Anayekuuliza mjibu wazi, kama ninavyokujibu sasa, nawe msomee hapa kwa sauti akitaka.

Sitarudi.

Kaka yako